Kapteni Boycott na Wapangaji Wake



Jamaa yangu mmoja ana nyumba ya vyumba sita mjini. Aliijenga kwa fedha alizoziweka akiba miaka mingi, akatia wapangaji, akadhani kwamba uzeeni atakula kodi kama mwenye minazi alavyo nazi zake. Siku moja alinijia uso umemkunjamana. Mpangaji wa chumba kimoja hakulipa kwa muda wa miezi saba. Akimwendea asubuhi huambiwa ametoka. Akimwendea usiku huambiwa amelala. Alikwenda kortini, akapewa barua ya kumpelekea. Barua ikapelekwa, na mpangaji akasema kwamba jina lililoandikwa si lake. Jamaa yangu akaniuliza, "Mwalimu, nyumba ni yangu, hati ninayo mkononi, nami nimesimama nje ya mlango kama mwombaji. Haki ya mwenye mali iko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Lakini nilimsimulia habari za Mwingereza mmoja aliyepatwa na taabu hiyo hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena yake ilikuwa kubwa mno, hata jina lake likageuka kuwa neno la lugha. Wale wajuao Kiingereza hulitumia neno hilo, na wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la baba wa mtu. Habari hizo ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Nchi yenyewe ni Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Mvua ni nyingi huko, majani hayakauki, na ardhi ya upande wa magharibi ni mawe na matope. Katika karne ya 19 nchi yote hiyo ilitawaliwa na Waingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya mabwana wachache. Baadhi yao hawakukaa huko kabisa. Wakulima walikuwa wapangaji tu. Mtu alikodi eka chache, akajenga kibanda kwa mikono yake, akatoa mawe shambani, akachimba mifereji ya kukausha matope. Na akifukuzwa, katika sehemu nyingi za nchi aliondoka mikono mitupu. Kibanda na mifereji vikawa vya mwenye ardhi. Jambo hili mlikumbuke, kwa maana ndipo penye shina la ugomvi wote. Mwenye ardhi alisema, "Ardhi ni yangu." Mkulima alisema, "Lakini ni nani aliyeifanya kuwa shamba?" Na wote wawili walisema kweli.

Chakula chao kilikuwa viazi. Mwaka 1845 viazi viliingiwa na ugonjwa, vikaoza ardhini, na njaa iliyofuata ilidumu miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani na nchi nyingine. Wakati wa njaa hiyo wenye ardhi wengi waliwafukuza wapangaji wao. Msidhani kwamba wote walifanya hivyo kwa ukatili mtupu. Sheria ya mwaka 1843 ilikuwa imewatwika wao kodi ya kuwatunza maskini kwa ajili ya kila shamba dogo lililokadiriwa thamani ya pauni 4 au chini yake. Basi kila mpangaji maskini alikuwa hasara mara mbili, halipi kodi yake, tena bwana wake amlipia kodi ya Serikali. Wenye ardhi wengine walikuwa wamekopa fedha nyingi tangu zamani za baba zao, na mwaka 1849 ilitungwa sheria maalum ya kuuza mashamba ya mabwana waliozama katika madeni. Lakini mtoto aliyeketi kandokando ya njia, akitazama paa la nyumba yao likibomolewa, hakuyajua mahesabu hayo. Mtoto mmoja wa namna hiyo aliitwa Michael Davitt. Alizaliwa mwaka 1846 katika wilaya ya Mayo, na mwaka 1850, umri wake miaka minne, jamaa zake walifukuzwa. Wakahamia Uingereza, na huko, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mashine ya kiwanda cha pamba ikauponda mkono wake wa kulia hata ukakatwa. Tutakutana naye tena.

Sasa tumtazame Boycott mwenyewe. Charles Cunningham Boycott alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1832, mwana wa kasisi. Alikuwa askari kwa muda mfupi, akaoa huko Ayalandi, akaacha jeshi, akawa mkulima. Watu walimwita Kapteni kwa heshima, ingawa cheo hicho hakukipata jeshini. Kiasi cha mwaka 1873 alihamia Lough Mask, katika wilaya ile ile ya Mayo, kando ya ziwa. Huko alikodi shamba kubwa kwa Lord Erne, bwana ambaye makao yake yalikuwa mbali, katika ngome ya Crom, upande wa kaskazini. Pamoja na kulima, Boycott alikuwa wakili wa bwana huyo, yaani mkusanyaji wa kodi kwa wapangaji thelathini na kitu. Kodi yote kwa mwaka ilikuwa kama pauni 500, na ujira wake ulikuwa sehemu moja katika kumi.

Hakuwa mtu mwovu, lakini alikuwa mtu wa kanuni ndogondogo. Kuku wa mtu akiingia katika majani yake, faini. Mfanyakazi akichelewa, faini. Lango likiachwa wazi, faini. Desturi ya watu kuokota kuni katika msitu wa bwana aliikataza. Mimi ni mwalimu, nami nawajua watu wa aina hii, kwa maana hata katika shule wamo. Sheria zao ni za haki zote, ukizitazama moja moja, lakini mwisho wa mwaka hakuna mtoto awapendaye. Siku ya taabu ilipofika, hakuna aliyekumbuka jambo jema la Kapteni Boycott. Walikumbuka kuku.

Taabu ilianza kwa mvua. Mavuno ya mwaka 1879 yalikuwa mabaya sana, viazi vikaoza tena, na wakati huo huo nafaka na nyama za Marekani zilishusha bei sokoni. Wakulima wakaogopa kwamba ile njaa ya baba zao inarudi. Davitt, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mkono mmoja, tena amekwisha fungwa miaka saba kwa mambo ya siasa, alisaidia kuanzisha chama cha wakulima, kikaitwa Chama cha Ardhi. Chama kilianzishwa mwezi Oktoba 1879, na rais wake akawa Charles Stewart Parnell, mjumbe wa Bunge, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwenye ardhi.

Mwaka 1880 Lord Erne, kwa kuona shida ya watu, alijitolea kuwapunguzia kodi, sehemu 10 katika 100. Wapangaji wakataka wapunguziwe 25. Akakataa. Tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Kodi yote ni pauni 500. Sehemu 10 katika 100 ni pauni 50. Sehemu 25 ni pauni 125. Ugomvi wao, basi, ulikuwa juu ya pauni 75 kwa watu wote. Wekeni hesabu hiyo kando, tutaihitaji.

Hata tarehe 19 Septemba 1880, Parnell alihutubia mkutano mkubwa katika mji wa Ennis. Aliwauliza watu, wamfanyeje mtu akodiye shamba ambalo jirani yake amefukuzwa? Sauti katika mkutano zikajibu kwamba auawe. Parnell akasema kwamba anayo njia iliyo bora na ya Kikristo zaidi: mtu huyo aachwe peke yake. Asisalimiwe njiani, asiuziwe dukani, asisemeshwe sokoni wala kanisani; atengwe kama mwenye ukoma wa zamani. Bila shaka wasikilizaji wengi wataona kwamba hapa hakuna jambo geni. Wazee wetu waliijua adhabu hii kabla ya Parnell kuzaliwa. Mtu aliyetengwa na kijiji hapewi hata kaa la moto. Akiwa na msiba huzika peke yake.

Siku tatu baadaye, tarehe 22 Septemba, Boycott alianza kazi ya kuwafukuza wapangaji wasiolipa. Alikuwa amepata barua za korti kwa watu 11. Sheria ya Ayalandi ilimruhusu mwenye ardhi kumshtaki mpangaji mwenye deni la kodi ya mwaka mzima, lakini barua ilikuwa lazima ipelekwe nyumbani kwake kabla ya siku iliyowekwa kupita. Tarishi wa korti alitoka asubuhi akilindwa na askari polisi 17. Nyumba tatu za kwanza zilipokea. Katika nyumba ya nne alikuwamo Bibi Fitzmorris. Huyo alikataa barua, akapepea bendera nyekundu, na mara wanawake wakatokea pande zote, mmoja na jiwe, mwingine na konzi ya matope, mwingine na samadi. Tarishi na askari wake walikimbia hata nyumba ya Boycott. Kesho yake tarishi alijaribu tena asifaulu.

Hapo ndipo mwenye mali ajuapo kwamba hati na hukumu si kitu kimoja na kupata. Sheria ilikuwa upande wa Boycott, tena wazi kabisa. Lakini sheria ilihitaji mtu wa kuichukua mkononi na kuvuka nayo uwanja wa Bibi Fitzmorris.

Baada ya siku hizo watu walikwenda Lough Mask, wakawaambia watumishi na vibarua wa Boycott waondoke. Wengine waliondoka kwa hiari, wengine kwa kuogopa jirani zao. Tusifiche jambo hili, kwa maana kutenga huko hakukuwa upole mtupu. Mhunzi akakataa kupiga farasi viatu. Dobi akakataa kufua. Wenye maduka ya Ballinrobe, mji wa karibu, wakasema hawana cha kumuuzia. Mpwa wake mdogo alichukua kazi ya kuleta barua za posta, akasimamishwa njiani na kuonywa. Kapteni na jamaa zake wakawa wakikamua ng'ombe na kulisha farasi wenyewe, na nje ya dirisha mazao yakikaa shambani yakingoja baridi ya kuyaharibu. Chakula kililetwa kwa mashua ziwani.

Boycott aliandika barua ndefu kwa gazeti la The Times la London, akaeleza mambo yote yaliyompata. Ilichapwa katikati ya Oktoba. Kutoka hapo mambo yake hayakuwa tena ya kijiji. Mwandishi wa gazeti lingine alisafiri akamkuta Kapteni akichunga kondoo wake, na askari polisi wamemfuata nyuma na bunduki. Waprotestanti wa kaskazini walikasirika kwa ajili yake, wakachanga fedha, wakataka kupeleka mamia ya watu kuvuna mazao yake. Serikali iliogopa vita kati ya watu wa dini mbili, ikakubali watu 50 tu.

Hao hamsini, kutoka wilaya za Cavan na Monaghan, walishuka katika gari la moshi kwenye stesheni ya Claremorris mwezi Novemba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hapakuwa na mtu wa kuwakodisha hata punda, basi wakatembea kwa miguu maili nyingi mpaka Ballinrobe, katikati ya safu za askari. Idadi ya askari wa jeshi na polisi waliowekwa kuwalinda ilipata elfu. Wakakaa katika mahema Lough Mask kama majuma mawili, wakichimba viazi na tanipu (ni mboga ya mizizi, mfano wa figili nene, nayo hulishwa kondoo), na kupura nafaka. Na vita? Hapakuwa na vita. Padre John O'Malley wa mahali hapo aliwaambia watu wake wakae majumbani na wasionekane njiani. Yasimuliwa kwamba siku ile askari walipokuwa wakiondoka, padre alimkuta ajuza mmoja peke yake kando ya barabara, akamkemea kwa sauti kuu kwamba si amewaonya wote wasiwatishe askari wa Malkia!

Sasa irudieni ile hesabu yetu. Mazao yaliyovunwa yalikadiriwa kuwa thamani ya pauni 500. Gharama za kuyavuna, yaani jeshi, polisi, safari na chakula, zilikadiriwa kuwa pauni 10,000. Parnell alisema kwamba kila tanipu iliyong'olewa imegharimu shilingi moja. Na asili ya yote hayo ni pauni 75 ambazo mwenye ardhi hakutaka kuziachilia. Jamaa yangu aliposikia hapo alinyamaza kidogo, akaniuliza kodi ya miezi saba ya chumba kimoja ni shilingi ngapi ukitoa nauli za kwenda kortini. Nilimwambia hesabu hiyo aifanye mwenyewe.

Lakini tusimcheke mwenye ardhi upesi. Lord Erne angewapa hao 25 katika 100, je, mwaka wa pili wasingetaka 50? Bwana mwingine, wa shamba la jirani, angeambiwa nini na wapangaji wake? Tena wako wapangaji waliokuwa na fedha za kulipa wakazificha nyuma ya shida za wenzao. Mambo hayo yalisemwa wakati ule na wenye ardhi, na si uongo. Neno lililowashinda ni lingine. Hata pale walipofaulu kumfukuza mpangaji, hawakupata wa kumweka mahali pake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulikodi shamba la mtu aliyefukuzwa. Nyumba ikabaki bila paa, shamba likaota magugu, na kodi haikuja. Mpangaji asiyelipa ni hasara. Shamba lisilo na mpangaji ni hasara vile vile, tena kodi za Serikali zaendelea.

Kapteni Boycott aliondoka Lough Mask tarehe 27 Novemba 1880. Katika Ballinrobe hakupatikana mtu wa kumwendeshea gari, akachukuliwa katika gari la jeshi la kubebea wagonjwa. Alipofika Dublin mwenye hoteli alipata barua ya vitisho, na tarehe 1 Desemba Kapteni akavuka bahari kwenda Uingereza. Aliiomba Serikali imlipe hasara zake. Ikakataa.

Na lile neno je? Mwandishi wa Kimarekani, James Redpath, alikuwa akizungumza na Padre O'Malley, akitafuta neno la kuiita adhabu hii mpya. Neno la kitaalamu lilikuwapo, lakini padre aliona kwamba wakulima wake hawataliweza. Akafikiri, kisha akashauri liitwe kwa jina la Kapteni mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia, na baadaye Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakalichukua kila mmoja kwa matamshi yake. Sisi twasema kususia, nasi hatukuhitaji kuazima.

Nimetaja Ayalandi kwa kuwa mambo yake yaliandikwa sana, lakini yako na ya karibu. Mwaka 1928, katika Ng'ambo ya mji wa Unguja, watu waliokuwa wamejenga nyumba zao juu ya viwanja vya wengine walikataa kwa wingi kulipa kodi ya viwanja. Hapo napo nyumba ni ya mmoja na ardhi ni ya mwingine, na barua za korti hazikutosha kuwaondoa.

Huko Ayalandi Serikali ilijaribu kwanza njia mbili pamoja. Mwaka 1881 ilitunga sheria ya kuweka mahakama ya ardhi, ambayo ilikata kodi iliyo ya haki, ikamhakikishia mpangaji alipaye kwamba hatafukuzwa, ikampa ruhusa ya kuuza haki yake ya shamba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikamtia Parnell gerezani. Kutoka gerezani viongozi wa Chama wakatoa tangazo kwamba watu wasilipe kodi yo yote. Serikali ikakipiga chama marufuku. Wakulima wengi walifanya jambo ambalo hawakuamriwa na upande wo wote: waliliacha lile tangazo, wakaenda katika mahakama mpya wakapunguziwe kodi. Mwaka 1882 ikatungwa sheria nyingine ya kuwasaidia wapangaji wadogo kufuta madeni ya nyuma.

Dawa yenyewe ilikuja baadaye, na ilikuwa ghali. Kwa sheria ya mwaka 1903, iliyoitwa kwa jina la waziri Wyndham, Serikali iliwakopesha wapangaji fedha za kuyanunua mashamba waliyokuwa wakiyalima, walipe kidogo kidogo kwa muda wa miaka 68 na nusu; na ili mabwana wakubali kuuza, iliwaongezea sehemu 12 katika 100 ya bei. Mabwana wengi waliuza kwa furaha. Walikuwa wamechoka.

Boycott hakuishi mpaka kuyaona hayo. Mwaka 1881 alisafiri kwenda Marekani, na katika meli alijiandikisha kwa majina yake mawili ya kwanza tu, Charles Cunningham, kwa maana jina la tatu lilikuwa limekwisha fika huko kabla yake. Waandishi wa New York walimtambua. Alirudi Mayo mwaka huo huo, akakaa huko miaka kadhaa, na watu wakamwacha akae. Mwaka 1886 akapata kazi kwa bwana mwingine huko Flixton, Suffolk, ya kusimamia mashamba. Akafa huko mwaka 1897. Yasemekana kwamba alipopata mapumziko alipenda kuyatumia Ayalandi.